Robo ya Wanga Ukutani

Jumatatu, 4 Machi

Nimeacha wanga. Rasmi! Asubuhi mkate nimeutazama usoni, nikausukuma kando, nikala mayai na siagi mpaka mke wangu akauliza kama mimi ndiye ninayekula siagi au siagi ndiyo inanila mimi. Mtu mwenye malengo hajibizani na watu wanaochovya mkate kwenye chai.

Sababu naiandika hapa, maana nikiisema kwa sauti nachekwa. Wiki iliyopita nilipimwa damu kule zahanati. Sukari imepanda. Bado haijawa ugonjwa, ila inapiga hodi. Natakiwa kurudi kupimwa Jumatano ya wiki ijayo. Mbele ya muuguzi nilitania, nikacheka, kisha nikaenda chooni nikakaa bila haja yoyote. Baba yangu alikatwa mguu kwa sukari. Mimi ndiye niliyekuwa nambeba kwenda bafuni. Naogopa. Haya, nimeshasema, tuendelee.

Ukombozi nimeupata kwa muuza rangi, yule anayeniuzia makopo na brashi. Kitambi chake kimeyeyuka! Mkanda kautoboa matundu mapya kwa msumari. Anasema wanga wote, uwe mkate, wali au viazi, ukifika tumboni unageuka sukari. Achana nao. Kula nyama, mayai na mafuta, basi. Nikamuuliza kajuaje. Kaniambia kaona kwenye simu. Ana picha zake za kabla na baada. Daktari wangu hana hata picha moja.

Kikwazo ni shemeji. Kaka wa mke wangu, mlinzi wa zahanati hiyo hiyo, anaishi kwetu wakati nyumba yake inakarabatiwa, ukarabati ambao hauna dalili ya kwisha. Yeye ni mgonjwa wa sukari hasa. Anameza vidonge asubuhi na jioni, na mwongozo wa lishe wa serikali anautii kama amri ya jeshi. Robo ya sahani wanga. Robo nyama, samaki au maharage. Nusu mboga na matunda. Mipaka anaichora kwa ukingo wa kijiko. Leo kasema mbele ya watoto wangu kwamba watu wanaokula siagi kwa kijiko huwa hawafiki mbali.

Tukabishana mpaka chakula kikapoa. Mke wangu akagonga meza. Hapiki sufuria mbili, yeye si hoteli! Tumpe jibu moja, apike anachotaka nani. Ndipo nikatoa hoja: Jumatano ijayo tupimwe wote wawili. Ambaye sukari yake itakuwa imeshuka zaidi ndiye atakayeamua sufuria ya nyumba hii inapika nini, na mwenzake hatafungua mdomo isipokuwa kwa kula. Shemeji akanipa mkono. Mkono wa mtu aliyekwisha kushindwa, niliuhisi kabisa.

Jumanne, 5 Machi

Kazi! Zahanati wanataka ukuta wa mbele uchorwe sahani kubwa ya mwongozo wa lishe, wagonjwa waione kabla hata hawajaingia. Mchoraji ni mimi. Ukuta ukipendeza, napewa kuta za zahanati nyingine zote za wilaya.

Kaniita afisa lishe, mwanamke mfupi mwenye miwani ya kuning'iniza kifuani, sote tunamwita Bi Lishe. Kanikabidhi mchoro wa mfano. Robo ya wanga ni kubwa kuliko mlango wa nyumba yangu. Mimi, siku ya pili tu tangu niache mkate, nakodishwa kuchora mkate mrefu kuliko mimi! Nimekubali. Njaa ya familia haijali itikadi.

Nimepiga msumari katikati ya ukuta, nikafunga kamba, nikazungusha penseli. Duara safi. Nikamweleza Bi Lishe kwamba mimi sichori kwa kubahatisha, nachora ninachokiona. Akaagiza jikoni waniletee chakula halisi cha kutazamia: mikate, viazi, wali, maharage, mboga, mayai, paja la kuku. Kufika mchana mayai na paja nilikuwa nimeshayala. Kuku nimemchora kwa kumbukumbu. Katoka na sura ya kiatu.

Kibanda cha shemeji kinatazamana na ukuta wangu uso kwa uso. Anashinda hapo kwenye kiti chake, hana kingine cha kutazama. Kapiga makofi, kasema hatimaye nimepata kazi yenye faida kwa taifa. Sikumjali. Nilikuwa natafuna mfupa.

Jumatano, 6 Machi

Kichwa kinauma. Miguu mizito kwenye ngazi. Mdomo unanuka dawa ya kuzimulia rangi, na sijainywa. Choo kimegoma. Mke wangu kahamishia mto wake upande wa miguuni. Nimemuuliza muuza rangi, kasema ni wanga unaondoka kwa hasira. Jibu zuri. Nimefarijika.

Nikiwa juu ya ngazi, nikiujaza wali punje kwa punje, wazo likanijia. Nani atakayeupima ukuta kwa macho? Nikafuta mstari wa penseli upande wa wanga, nikausogeza ndani upana wa kiganja. Mboga zikapata nafasi ya kupumua. Nikashuka, nikarudi nyuma, nikatazama. Pamependeza! Wagonjwa wawili wamepita, mmoja kasifu rangi ya karoti. Hakuna aliyegutuka.

Huu si udanganyifu. Serikali imekosea kidogo, mimi naisaidia kidogo.

Ijumaa, 8 Machi

Bi Lishe kapitia jioni kabla ya safari. Anakwenda semina, anarudi Jumatano. Nilidhani kaona mstari, kumbe kaja kuniaga tu. Nikaona hii ndiyo nafasi ya kumweka kwenye kiti moto. Nikamuuliza kwa nini serikali inawalisha watu wanga ilhali wanga ni sukari.

Nilitarajia atakasirika. Hakukasirika! Kakaa juu ya ndoo yangu ya rangi, kavua miwani, kasema swali ni zuri. Kasema ni kweli, kupunguza wanga kunashusha sukari na uzito, na miezi ya mwanzo mara nyingi kunaushinda mwongozo. (Nimeipigia hiyo mistari miwili chini.) Lakini ukiwafuatilia watu hao hao mwaka mzima, tofauti inapungua, kwa sababu wengi inawashinda kuendelea. Na ukienda miaka mingi mbele, hakuna aliyewafuatilia vya kutosha hata aseme kwa kiapo. Waliofuatiliwa muda mrefu ni walaji wa maharage, mboga na nafaka isiyokobolewa, na hao mioyo yao inaendelea vizuri. Halafu kasema jambo kubwa si unachokitoa kwenye sahani bali unachokiweka mahali pake. Ukitoa mkate mweupe ukaweka maharage na samaki, sawa. Ukitoa mkate ukaweka siagi, moyo wako utakuja kukuuliza.

Nikamuuliza maharage yenyewe ni wanga au ni nyama. Kasema yote mawili. Nikamwambia basi mwongozo wake haujui hata maharage yakae wapi! Kacheka mpaka ndoo ikayumba. "Fundi, wewe ungefaa kuwa wakili," akasema.

Kisha akaongeza jambo refu kuhusu watu wanaomeza vidonge vya sukari, kwamba hao wasiguse wanga wao bila kumwona daktari kwanza, dawa ipunguzwe, la sivyo. La sivyo nini sikusikia, nilikuwa natazama kama mstari unaonekana kutoka pale alipokaa. Hata hivyo mimi simezi vidonge.

Hesabu yangu ya mazungumzo: kakubali. Tena kwa mdomo wake.

Jumamosi, 9 Machi

Bi Lishe yuko mbali, mwenye ukuta ni mimi. Mstari nimeusogeza tena. Mikate mitatu nimeigeuza kabichi. Kazi rahisi kuliko nilivyodhani, mkate na kabichi ni mviringo ule ule, unabadilisha rangi na kuongeza mishipa.

Suruali inanipwaya! Nimefunga kamba ya ukutani kiunoni.

Mezani shemeji kapakua wali kidogo mno, kama wa kulishia ndege. Mke wangu kamuuliza kama anaumwa. Kasema haumwi, anafuata mwongozo. Nikamtazama, jasho linamtoka kwenye paji la uso na feni inazunguka. Woga huo! Jumatano inamkaribia na anajua. Nilimhurumia kidogo, nikaongeza siagi.

Jumapili, 10 Machi

Nimekula ukoko wa mkate wa mwanangu. Hakuwa anauhitaji. Ilikuwa ni kuonja, wala si kula, na nimetembea mpaka dukani na kurudi ili kuufuta.

Mke wangu kasema nimekuwa mkali siku hizi, hata nikiombwa chumvi nafoka. Halafu, kwa sauti ya chini, kaniuliza naogopa nini. Nikamwambia siogopi kitu. Akasema na yeye alimjua baba. Nikatoka nje kusafisha brashi ambazo tayari zilikuwa safi.

Jumatatu, 11 Machi

Siku ya ushindi wa sanaa! Wanga umebaki ukanda mwembamba, upana wa vidole, ndani yake kiazi kimoja peke yake. Kiazi nimekichora kwa huzuni makusudi. Nyama imetanuka. Kuku sasa anafanana na viatu viwili. Kesho namalizia maandishi, na Jumatano Bi Lishe atakuta kitu kilichokauka, kilichong'aa, kilichokwisha. Nani atakayebomoa kitu kizuri?

Mgonjwa mmoja, mama wa makamo, kasimama mbele ya ukuta muda mrefu akaniuliza kama siku hizi wali hauruhusiwi. Nikamwambia atazame mwenyewe. Kaondoka anatikisa kichwa.

Shemeji leo hakunitania hata mara moja. Alikaa kwenye kibanda anautazama ukuta, midomo inamchezacheza. Nilimpungia mkono. Hakunirudishia. Nikadhani ananinunia.

Jumanne, 12 Machi

Mwandiko wa leo mniwie radhi.

Nilikuwa juu ya ngazi naandika neno la mwisho. Gari la wagonjwa likapiga honi getini. Shemeji hakufungua. Likapiga tena. Nikageuka kumtania, nikamwona kasimama katikati ya njia, shati limelowa chapachapa, anajaribu kufungua geti kwa upande wa bawaba. Dereva akamfokea. Shemeji akamjibu maneno yasiyo na kichwa wala miguu, kitu kuhusu ng'ombe, na hatuna ng'ombe. Kisha akaanguka.

Sikumbuki nilivyoshuka. Kopo la kijani lilishuka na mimi. Nilimfikia kabla ya muuguzi, nikampakata kichwa. Baridi! Baridi kama bomba la maji. Macho wazi, hanioni. Na mimi pale chini nikamwona baba, naandika ukweli, nikamwona baba kabisa, nikawa namwita shemeji kwa jina la baba.

Muuguzi kamtoboa kidole, katazama kipimo, kapiga kelele: imeshuka mno, leteni kitu kitamu, upesi! Kila mtu akamtazama mwenzake. Nikakimbia mimi. Nikavuka barabara, nikaingia dukani, nikachukua soda bila kuaga wala kulipa, nikarudi nimeikumbatia. Soda! Nilimnywesha kwa mkono wangu huu, funda kwa funda, nikimwomba ameze. Ameze sukari. Nilimbembeleza, "Shem, bado kidogo, shem wangu, moja tena."

Rangi ikamrudi. Akauliza kwa nini nina rangi ya kijani usoni. Sijawahi kufurahia dharau yake kama leo. Mke wangu akaja mbio, kandambili mguu mmoja, akamshika kaka yake, akanishika na mimi, akatulilia wote kwa pamoja.

Kisha muuguzi akamuuliza kala nini siku hizi. Shemeji akasema kala kama ilivyoagizwa. Imeagizwa na nani? Akanyoosha kidole ukutani. Kumbe kila asubuhi kabla ya kufungua geti alikuwa anautazama ukuta, na jioni anapakua vivyo hivyo! Aliona robo inapungua siku hata siku. Akadhani serikali imebadilisha mwongozo na inauteremsha kidogokidogo ili wananchi wasishtuke. Yeye akatii. Jana kala kiazi kimoja. Leo kameza vidonge vyake vyote kama kawaida, juu ya kiazi hicho cha jana.

Watu wote wakageukia ukuta. Halafu wakanigeukia mimi. Nilikuwa bado nimeshika brashi.

Jumatano, 13 Machi

Bi Lishe kashuka kutoka semina moja kwa moja mpaka ukutani, na mkoba mkononi. Kaomba kamba yangu. Nikaifungua kiunoni nikampa. Kapima robo. Hakufoka, na hilo ndilo baya, maana mtu akifoka unaweza na wewe ukafoka. Kasema polepole kwamba dawa ya shemeji inashusha sukari ya chakula, chakula kisipokuwepo inashusha iliyopo, mpaka inakwisha. Kwamba Ijumaa aliniambia. Nikasema nilisikia. Akanitazama kwa miwani, kisha bila miwani. Kasema yule mama wa makamo naye anameza vidonge, na wamemtuma mtu nyumbani kwake asubuhi. Wamemkuta mzima, anakula uji. Hapo nilihitaji kukaa, nikakaa kwenye ndoo.

Adhabu: nachora upya kwa rangi ya kununua mwenyewe. Kuta nyingine za wilaya kapewa mchoraji wa stendi. Mtu ambaye simba wake wote wana uso wa mjomba wake!

Tukapimwa. Majibu yangu: sukari imeshuka, karibu na kawaida! Nilitaka kurukaruka. Bi Lishe kanizuia kwa kidole: lehemu mbaya, yale mafuta yanayoziba mishipa, imepanda. Hata hivyo kasema sukari ni habari njema, kasema kwa moyo mweupe. Kupunguza wanga kumenisaidia, na kupanda ngazi kutwa kumenisaidia. Sasa nitoe siagi, niingize maharage, samaki na nafaka isiyokobolewa kwa kiasi, nirudi baada ya miezi mitatu, nirudi tena baada ya mwaka, maana afya hupimwa kwa miaka. Ngazi! Mtu ajinyime wiki nzima, sifa zipewe ngazi.

Halafu lile suala la mkono tuliopeana. Ambaye sukari yake imeshuka zaidi. Shemeji, amelala kitandani, mto nyuma ya mgongo, kaomba asomewe kipimo chake cha jana. Muuguzi akasoma. Kaniacha mbali mno. Hakuna mtu katika zahanati ile aliyewahi kushuka namna ile na kubaki kusimulia. Nikasema haihesabiki, alizimia! Mke wangu kasema tulichokubaliana ni kushuka, kuzimia hakukutajwa. Shemeji akatabasamu kama mfalme. Sufuria ni yake.

Nyumbani mke wangu kafunga mlango wa chumba. Hakupiga kelele. Kasema ana kaka mmoja na mume mmoja, na jana kwa muda alidhani anabaki na ukuta tu. Kasema niogope, hakuna aliyenikataza, ila niogope kwa sauti, nisiogope kwa brashi. Nimelia. Nimemwomba msamaha, nimeenda kwa shemeji nimemwomba msamaha nimepiga goti. Nimeapa mbele yao kwamba kuanzia leo nitasikiliza wanaojua.

Alhamisi, 14 Machi

Asubuhi nimepakuliwa sahani ya mwongozo. Shemeji, katoka zahanati jana tu na leo wa kwanza mezani, kaikagua kwa kijiko. Maharage, mboga, kipande cha mkate wa ngano nzima. Nimekula vyote. Vitamu, sikatai.

Nikaenda kuchora. Wanga nimeurudisha mpaka kwenye mstari wake, Bi Lishe kasimama nyuma yangu na kamba. Nilipofika kwenye kiazi, mkono ulitulia na akili ikafunguka. Nimewaza kwa makini, bila hasira, kama nilivyoapa.

Nani alimshinda nani? Shemeji alifuata mwongozo miaka yote, sukari haikuwahi kushuka hivyo. Kafuata ukuta wangu siku chache tu, kashuka kuliko wilaya nzima. Kwa hiyo aliyeshinda si yeye, ni ukuta. Nimeshinda mara mbili na nyumbani hakuna aliyeona! Muuza rangi kaona. Nimempitia mchana, kanikumbatia, kasema ushahidi wa namna hii hata yeye hana. Kaniomba nichore sahani yangu, ile ya kweli, mbele ya duka lake, na chini yake nisimame mimi na shemeji, kabla na baada. Nimeanza leo leo. Shemeji sijamwambia bado, apate nguvu kwanza.

Watu wawili wameifuata njia yangu, wote wawili sukari imeshuka. Nionyesheni serikali yenye rekodi kama hiyo.